Nimeombwa niandike maisha ya bibi yangu, lakini ninachokumbuka ni ugonjwa wake tu

SWALI

Assalaam alaykum mama mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mwenyeji wa Lamu, na ninakuandikia nikiwa katika nyumba ile ile ya mtaa wa Langoni ambamo nimelelewa. Bibi yangu mzaa mama alinichukua nikiwa na miaka minne, mama yangu alipoachika na kwenda Mombasa kutafuta kazi. Sikulelewa peke yangu. Bibi alizaa watoto watano, na akalea wengi zaidi ya hao: wajukuu, watoto wa majirani ambao mama zao walikuwa wagonjwa, hata mtoto wa mvuvi mmoja wa Faza aliyeletwa mjini asome madrasa, akakaa kwetu miaka saba. Mbali na watoto, alikuwa akiitwa katika nyumba za wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, akiwakanda kwa maji ya moto, akiwafunga tumbo kwa leso na kuwapikia uji wa pilipili manga na bokoboko mpaka watimize siku 40. Wako watu wazima katika mtaa wetu ambao mikono ya kwanza kuwaogesha ilikuwa yake.

Miaka sita kabla ya kufariki alipata kiharusi kidogo. Mkono ulirudi na mguu ukarudi, lakini akili ikaanza kumpotea polepole. Mume wangu alikubali tuhamie kwake, na tangu hapo kazi ya kumtunza ikawa yangu. Wajomba zangu walituma fedha kila mwezi, mmoja kutoka Mombasa na mwingine kutoka Maskati, kwa hiyo siwezi kusema tulitupwa. Mwanzoni alikuwa akisahau alikoweka funguo. Baadaye akasahau kwamba babu amefariki, na kila tulipomweleza alilia upya kama aliyepata habari siku hiyo, mpaka tukajifunza kumjibu kwamba babu amekwenda msikitini. Mwishowe akasahau jina langu. Miezi mitano ya mwisho hakutoka kitandani.

Mwezi ujao atakuwa ametimiza mwaka tangu alipotutoka. Jamaa watakuja kutoka Mombasa, Malindi na Maskati kwa ajili ya hitima, na mjomba wangu mkubwa ameniagiza niandike maisha yake yasomwe mbele ya wanawake baada ya kisomo, kisha yachapishwe kijitabu cha ukoo. Alisema: “Wewe ndiye uliyekaa naye.”

Mama, nimekaa na daftari kwa wiki tatu na nimeandika mistari mitatu tu. Alizaliwa mwaka 1940, kwa mujibu wa kitambulisho, ingawa mwenyewe alikuwa akisema huo ni mwaka wa karani na wala si wake. Aliolewa. Alifariki. Nikijaribu kuongeza, kinachonijia ni chumba cha ugonjwa: nguo za kubadilisha, vidonge, harufu ya dawa, na ule uso mwembamba wa siku za mwisho ambao umeufunika uso mwingine wote niliokuwa nikiujua. Kitu kinachonijia kuliko vyote ni hiki. Alikuwa akishika ncha ya leso yake, akiikusanya ndani ya kiganja na kuikamua kwa nguvu mpaka vidole vinageuka vyeupe, kisha akiiachia na kuanza tena, hivyo hivyo, hata saa nzima. Daktari alituambia ni mahangaiko ya ugonjwa. Kila nikishika kalamu naiona leso ile, na sitaki kuiandika.

Jamaa nao wamenigawa. Mjomba anataka nasaba na sifa, kwamba alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mpole. Mama mkubwa amenionya nisitaje kabisa ugonjwa, kwa kuwa kuutaja ni kumvua nguo marehemu.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Katika Ramadhani ya mwisho iliyomkuta mwili wake ukiwa bado unasimama, ingawa akili haikuwa ikijua tena kama ni Ramadhani, jua lilikuwa linakaribia kutua nami nilikuwa jikoni peke yangu nikiharakisha futari. Bibi alikwenda mlangoni mara ya nne, akawa anahangaika na komeo, akisema kama alivyokuwa akisema kila jioni: “Yua latwa, nataka kwenda kwetu.” Nilimshika mkono, nikamvuta na kumpigia kelele: “Hapa ndipo kwenu! Utaniua na mambo haya!” Aliniangalia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha akaketi kwenye daka akalia bila sauti. Baada ya robo saa alikuwa amesahau. Mimi sijasahau. Kila ikisomwa darsani ile aya inayokataza kuwaambia wazee hata neno la “ah”, kifua changu hujifunga.

Je, mtu aliyefanya hivyo ana haki ya kusimama na kusoma maisha yake mbele ya watu? Na ikiwa ninayo, niandike nini?

Mjukuu, Lamu


JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba. Mola amrehemu bibi yako, na akulipe wewe kwa miaka sita ambayo wengi katika ukoo wenu wataijua kwa kusimuliwa tu.

Nimeirudia mara tatu ile sehemu ya barua yako inayohusu leso, na nitaanzia hapo, ingawa umesema hutaki kuiandika. Alikuwa akiikusanya ndani ya kiganja, akiikamua mpaka vidole vinakuwa vyeupe, akiiachia, kisha akianza tena. Mwanangu, nenda jikoni uchukue nazi iliyokunwa, uitie maji kidogo ya vuguvugu na uikamue kwa mkono, halafu uvitazame vidole vyako. Sikuwapo katika chumba kile, na daktari wenu alikuwapo, wala sina sababu ya kumpinga anaposema kwamba yalikuwa mahangaiko. Lakini mahangaiko ya mgonjwa hupita katika njia ambazo mwili wake unazijua, na mwili wa mwanamke aliyepika wali wa nazi, mbaazi na samaki wa kupaka kwa nyumba iliyojaa watu kwa zaidi ya miaka 50 unaijua njia ya tui kuliko njia nyingine yoyote. Wanaowatibu watu wenye ugonjwa wa kusahau wanaeleza kwamba mambo ya karibuni ndiyo hupotea kwanza, yaani chakula cha jana, mgeni wa juzi, jina la mjukuu, na kwamba mazoea ya mikono hukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hayahifadhiwi mahali pamoja na majina na tarehe. Ndiyo maana utamkuta mzee asiyemjua mwanawe lakini ukimpa ukindu anasuka, au ukimwanzishia kasida ya utotoni anaimalizia bila kukosea.

Kwa hiyo mimi ninavyoisoma picha hiyo, bibi yako alikuwa kazini. Alikuwa amesahau jina lako, na mikono yake ilikuwa bado inakupikia.

Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo jibu la swali lako kubwa, la wapi pa kumpata bibi wa zamani. Wewe umekuwa ukimtafuta kwa kuuruka ugonjwa, kana kwamba miaka ile sita ni ukuta na yeye yuko upande wa pili. Nadhani utamfikia upesi zaidi ukipita katikati yake. Shika kila jambo la chumba kile linalokutesa na uliulize limetoka wapi katika maisha yake. Alipokuwa akilia kila anapoambiwa kwamba babu amefariki, alikuwa akikuonyesha ndoa ambayo wewe hukuiona ilipokuwa changa. Alipokuwa akihangaika na komeo jua linapotua, huenda alikuwa binti mdogo aliyetumwa na mama yake na kuambiwa arudi kabla ya magharibi. Je, alizaliwa Langoni, au kwao kulikuwa Shela, Matondoni, Siyu? Hukuniambia, na ninashuku kwamba hujui hasa ni nyumba gani aliyokuwa akiitaka. Ulizia. Huo utakuwa ukurasa mzima wa kijitabu, na utakuwa umeletwa na jioni ile ile unayoiogopa.

Kuhusu uso uliofunikwa, usihofu kwamba umepotea. Huwapata wengi waliouguza kwa muda mrefu, hata mimi yalinipata baada ya kumuuguza mama yangu, kwamba kwa mwaka mmoja au miwili humwoni marehemu isipokuwa katika hali yake ya mwisho. Hurudi, lakini haurudi kwa kuketi na daftari. Mimi mama alinirudia kwa pua. Nilifungua kasha lake kutafuta hati fulani, ikanipanda harufu ya udi na asumini zilizokauka, nikamwona akiwa amesimama mbele ya kioo akijifunga leso, mnene, ana haraka ya kwenda arusini. Fungua kasha la bibi yako. Pika chakula kimoja chake, kwa vyombo vyake, tangu kukuna nazi kwa mbuzi ile aliyokuwa akiikalia mpaka kuchuja kwa kifumbu, bila mashine ya kusaga, na uweke kalamu karibu, kwa sababu mambo yatakujia mikono ikiwa na shughuli na yatakimbia mara tu utakapokaa kuyangojea.

Halafu utoke nyumbani, kwa maana wewe umeishi naye miaka isiyofika 27 na yeye amekaa duniani zaidi ya 80. Zaidi ya nusu ya maisha yake iko katika vichwa vya wanawake wengine, ambao nao ni wazee. Hili silisemi kwa kukutisha, lakini wewe mwenyewe umeona jinsi akili ya mtu inavyoondoka kabla ya mtu mwenyewe. Watafute wawili au watatu waliokuwa wasichana pamoja naye, na wazazi aliowatunza, na yule mtoto wa Faza, ambaye sasa bila shaka ni mtu mzima mwenye watoto. Nenda baada ya sala ya alasiri, mkono usiwe mtupu, ukae, wala usilitoe daftari kabla ya kikombe cha pili cha kahawa. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza na umweleze mzee sauti yake itasikilizwa na nani.

Usiwaulize bibi yako alikuwa mtu wa namna gani. Watakujibu kwamba alikuwa mpole, mkarimu na mcha Mungu, yaani maneno yale yale ya mjomba wako, na watakuwa wamesema kweli, lakini hutarudi nyumbani na kitu. Uliza alikuwa akikaa upande gani wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, akikuna nazi. Uliza alikuwa akimkanda mzazi kuanzia wapi, na alikuwa akisema nini mzazi anapolia kwa maumivu. Uliza alimnyonyeshea nani, maana huenda mna ndugu wa kunyonya msiowajua, na katika dini yetu hilo ni jambo lenye hukumu zake katika ndoa. Uliza pia ni kitu gani kilichokuwa kikimkasirisha. Mtu asiyekasirika kwa lolote hawezi kulea watoto kumi wa mama mbalimbali katika nyumba moja, na wanawake watakaokaa kusikiliza kisomo chako watamtambua kwa ukali wake upesi kuliko kwa upole wake.

Tarehe zitakusumbua, kwa sababu wazee wetu wengi waliandikiwa miaka ya kukisia walipokwenda kuchukua vitambulisho, na bibi yako alikuwa na haki ya kumkataa yule karani. Usiulize mwaka, uliza jambo lililotokea. Je, alikuwa anaweza kubeba ndoo ya maji Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, au alikuwa bado anabebwa? Je, alipoolewa, ukanda wetu wa pwani wa maili 10 ulikuwa bado ukihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja, au ilikuwa baada ya uhuru wa Kenya wa Desemba 1963? Katika vurugu za shifta, wale waasi wenye silaha, za miaka hiyo ya 1960, watu walipokimbia vijiji vya bara na kuja visiwani, nyumba yenu ilipokea nani? Ningependa sana kujua jibu la swali hilo, kwa kuwa nyumba inayozoea kulea watoto wa wengine mara nyingi huwa ilianza siku moja, kwa mtoto mmoja, kwa sababu iliyolazimisha. Ukifika karibu na wakati wako, mna mvua za El Niño za mwaka 1997 na ile siku bahari ilipochafuka kwa tsunami, tarehe 26 Desemba 2004, ambayo wewe mwenyewe ulikuwa mtoto wa kuweza kukumbuka bibi alikuwa wapi na alimwita nani kwanza. Cheti cha ndoa cha kadhi, ikiwa kimehifadhiwa na mmoja wa wajomba, kitakupa tarehe moja ya hakika ya kuzifungia nyingine zote.

Maneno yake yaandike kama alivyoyasema. Nimefurahi kuona kwamba katika barua yako hukuyasahihisha, ukaacha “yua latwa”. Fanya hivyo kote. Ikiwa alikuwa akikuita kwa kusema “ndoo ule”, usimwandikie “njoo ule” ili wageni wa Maskati waelewe. Wataelewa, na wasipoelewa watauliza, na mtu mzima wa pale atawafafanulia Kiamu chao, Kiswahili cha Lamu.

Mjomba wako anataka nasaba, na hakukosea. Kijitabu cha ukoo bila nasaba kitawaacha watoto waliozaliwa mbali wasijue wanamfuata nani. Lakini kazi hiyo si lazima iwe yako. Mwambie kwa adabu kwamba nasaba anaijua yeye kuliko wewe, aiandike kurasa mbili, na umwombe asiwasahau wanawake, mama wa bibi na mama wa mama yake, ambao katika nasaba nyingi tunazozisoma hupita bila jina. Na kama neno langu litamfikia yeye na ndugu zake, naomba walipokee kwa nia njema: fedha mlizotuma zilifanya kazi, na hakuna anayelikana hilo, lakini kwa miaka sita mgonjwa alitunzwa kwa mikono miwili ya binti mmoja. Mnapomwagiza aandike kwa kuwa “ndiye aliyekaa naye”, semeni pia, mbele ya watu siku ya hitima, kwamba mnajua kukaa huko kulikuwa nini.

Sasa onyo la mama mkubwa. Ninamheshimu, na ninaelewa anachokilinda. Sitara ya marehemu ni haki yake, nasi tunahimizwa kuwataja waliotutangulia kwa wema. Lakini ugonjwa si ubaya hata ukitajwa uwe umemtaja mtu kwa ubaya. Nabii Ayubu tunamjua kwa maradhi yake na subira yake, na hakuna aliyesema kwamba kuyasimulia ni kumfedhehesha. Hapa hapa kwetu, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha mwaka 1858, hakuficha kwamba alikuwa mgonjwa. Alilisema mapema katika utendi wenyewe, kwamba maradhi yamemshika na yametimiza mwaka. Hakuna msomaji aliyemdharau kwa hilo. Nadhani wengi wetu tunamsikiliza kwa makini zaidi kwa kuwa tunajua alikuwa katika hali gani.

Mpaka ninaouona mimi ni huu. Kwamba akili yake ilimtoka polepole, kwamba alikuwa akimngoja babu arudi kutoka msikitini, kwamba alikuwa akitaka kwenda kwao, kwamba mikono yake iliendelea kukamua nazi ambayo haikuwapo: hayo yaandike, kwa kuwa ni maisha yake. Mambo ya mwili, ya nguo za kubadilisha na ya kuoshwa, yaache chumbani mlimokuwa wawili. Ukisita juu ya sentensi, jiulize kama ungeweza kuisoma ukiwa umeketi kando yake, naye akiwa na akili zake timamu, bila kuinamisha uso. Msomee mama mkubwa sehemu hiyo kabla ya siku yenyewe, mkiwa wawili tu. Mimi ninaamini ataikubali, na kama kuna neno moja litakalomchoma, liondoe. Yeye ni binti yake. Kuhusu picha, ikiwa bibi hakupenda kupigwa picha au hakupenda ionekane kwa wasio maharimu wake, msimchapishe. Ipigeni picha mbuzi yake ya nazi, pamoja na kifumbu.

Nimeiacha mwisho ile jioni ya Ramadhani, ingawa najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Kwanza ujue jambo ambalo pengine hukuelezwa na mtu. Wagonjwa wengi wa kusahau huzidiwa jioni. Mwanga unapopungua na vivuli kurefuka, mgonjwa huchanganyikiwa zaidi, huwa na hofu, hutembeatembea, na wengi wao huomba kupelekwa kwao hali wako ndani ya nyumba waliyokaa miaka 50. Kumwambia kwamba hapo ndipo kwao hakusaidii, kwa sababu haulizii nyumba; anatafuta ile hali ya kuwa salama. Wanaojua kazi hii hushauri kuwasha taa mapema, kumpa mgonjwa kitu cha kushika, kumtembeza kidogo na kumrudisha. Wewe hukufundishwa hayo. Ulikuwa umefunga, umechoka, peke yako, na futari iko motoni. Sisemi kwamba kumvuta na kumpigia kelele lilikuwa jambo dogo, kwa kuwa hata wewe hungeliamini hilo na ungeniona ninakubembeleza. Lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa moja ndani ya miaka sita, na hata alipokuuliza wewe ni mtoto wa nani, nadhani hakuwa akikukana. Mwanamke aliyelea watoto wa watu wengi alikuwa akiuliza swali alilozoea kumuuliza kila mtoto anayeingia nyumbani mwake akiwa na hasira.

Aya inayokufunga kifua ni ya 23 katika Sura ya Al-Israa. Nakuomba usiishie hapo darsa linapoishia. Aya ya 24 inatufundisha kuwaombea rehema wazee wetu kwa kuwa walitulea tulipokuwa wadogo, na hiyo ndiyo dua yako, hakuna aliye na haki nayo kuliko mtoto aliyechukuliwa na bibi akiwa na miaka minne. Aya ya 25 inasema kwamba Mola wetu anayajua vyema yaliyomo ndani ya nafsi zetu, na kwamba tukiwa wema, Yeye ni Mwenye kuwasamehe wanaorejea kwake. Imewekwa aya mbili tu baada ya ile ya “ah”, na mimi sioni kwamba ukaribu huo ni wa bure. Omba msamaha kwa Mola, mwombee yeye, kisha mweleze mumeo jambo hili kwa kinywa chako, maana kulibeba peke yako ndiko kunakolifanya likue. Kwenye kijitabu usiliandike. Ni la kwenu wawili.

Ukitaka kulitolea sadaka, ninayo moja. Katika mtaa wenu, nina hakika, kuna nyumba yenye mzee anayesahau na mwanamke anayemtunza bila kupokezana na mtu. Nenda jioni moja kwa wiki, saa ile ile ya jua kutua, ukae na mzee ili mtunzaji atoke apunge upepo au aswali kwa utulivu. Utajua la kufanya mlangoni mzee atakapotaka kwenda kwao.

Na unayo haki ya kusimama na kusoma. Sidhani kuna mwingine mwenye haki hiyo kukushinda.

Anza na nazi. Eleza alivyokuwa akiikuna, alivyokuwa akilitenga tui zito kwa ajili ya watoto wageni na wazazi, na chicha alimpa nani, halafu useme kwamba mikono ile haikuacha kazi hiyo hata leso ilipokuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kukamua. Ukishaandika kurasa hizo, wasomee kwanza wale wanawake wazee wawili, kwao, kabla ya mtu mwingine. Wakikukatiza na kusema, “La, haikuwa hivyo,” shika kalamu na uwaache waseme.